Sina Eda ya Kukaa

Magogoni, Kisauni
Mombasa
Jumanne, baada ya alasiri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naushika mkono wako wa kulia nikaubusu. Naomba barua hii ikukute u mzima, kifua kimepoa, na macho bado yanaliona tundu la sindano. Mama naye goti lake vipi? Ile dawa ya kuchua niliyompelekea imemfaa, au ameiweka kabatini kama desturi yake? Mimi huku mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi. Mwili tu, Baba. Mengine ndiyo yaliyonikalisha kitako leo nikashika kalamu.

Mama atakuwa amekwambia kuwa nilipiga simu. Aliniuliza mbona sauti imekauka, nikamwambia ni mafua. Nimemdanganya mamangu, Mungu anisamehe, lakini Mama nikimweleza jambo naye akaanza kulia, mimi siwezi kufika mwisho. Wewe masikio yako ndiyo hayo yameshakuwa mazito, simu huisikii tena, kwa hiyo nimeona nikuandikie wewe, nitoe yote bila ya kukatizwa. Isome peke yako kwanza. Kisha Mama umwambie kwa njia utakayoiona wewe.

Baba, Athman amefariki. Leo ni siku ya kumi na tatu.

Najua utasema innalillahi, kisha utaniuliza moyoni: si alikuacha? Ndiyo, aliniacha. Unaijua talaka ile, maana karatasi yake ililetwa hadi kwako Siyu. Lakini yapo ambayo sikukwambia wakati ule, kwa kuona haya, na bila hayo hutaelewa kilichonipata. Basi nivumilie nianze mbali kidogo.

Unakumbuka mwaka wa pili wa ndoa yetu nilikuandikia kuwa tumenunua tuktuk, mimi kwa mkufu wangu na yeye kwa akiba yake. Tuktuk, Baba, haitaki makuu. Inataka grisi tu. Kila mahali chuma kinapogeuka juu ya chuma pana kinundu kidogo chenye tundu, mafundi hukiita nipo, na hapo ndipo unapokaza mdomo wa bomba la grisi ukasukuma. Nyingi ziko wazi, hata mtu mvivu atazifikia. Lakini magurudumu ya nyuma kila moja limeshikwa na mkono wa chuma, na pini ya mkono ule ina nipo mbili: moja ya nje, na moja ya ndani iliyojificha nyuma ya injini. Hiyo ya ndani haionekani. Mafundi huilaza tuktuk ubavu ndipo waifikie, na ukiilaza petroli inamwagika, maji ya betri yanamwagika, kazi ya nusu saa. Kwa hivyo wengi huiruka. Hutia grisi ya nje, wakapangusa, wakasema tayari.

Mimi, mkono wangu unaujua. Mama alikuwa akisema bangili za mtoto ndizo zinazonienea. Siku moja fundi Mulwa, mwenye gereji hapa Magogoni, mtu wa bara, mpole, alikuwa anahangaika na tuktuk yetu. Nikamwambia hebu niache nijaribu. Nikalala chali juu ya gunia, nikaupenyeza mkono kati ya injini na chasisi hadi kiwiko, nikaipapasa, nikaipata. Wewe ulinifunza kutia mafuta cherehani kwa kupapasa, taa ikiwa imezimika. Ilikuwa ni vilevile. Nikasukuma bomba hadi grisi mpya ikachomoza upande wa pili, nikajua imefika.

Mulwa akacheka, akasema, "Mama, wewe utakuja kazi hapa." Na kweli nikaenda. Ikawa madereva wa Kisauni nzima waniletea tuktuk zao. Wakaniita Mama Grisi. Athman alifurahi mwanzo, alikuwa akijisifu barazani kuwa tuktuk yake hailii. Kisha wenzake wakaanza kumtania, kuwa mkewe hulala chini ya magari ya wanaume wengine. Na mtoto naye hakuja, mwaka wa tatu, wa nne, wa sita. Mamake, Bi Mwanaidi, hakunitukana hata siku moja, ila kila nikienda kumsalimia hunitazama tumboni kabla hajanitazama usoni. Siku aliyonipa talaka Athman alisema neno moja tu: "Esha, mimi nilioa mke, sikuoa fundi." Talaka moja. Yeye akahamia kwa mamake, mimi nikabaki nyumbani kukaa eda.

Baba, miezi ile mitatu sikuisimulia kwa mtu. Kazini nilikuwa siendi. Nilikaa ndani nikingoja anirejee, maana mlango ulikuwa bado uko wazi, neno lake moja lingetosha. Tuktuk ngapi zapita Magogoni kwa siku? Kila moja iliyopunguza mwendo nilikuwa nikitengeneza leso kichwani. Eda ikamalizika siku ya Ijumaa. Jumamosi nikarudi kwa Mulwa.

Jumanne yake nilikuwa chini ya tuktuk ya mtu, nikaona miguu. Ndara zile nilizijua, maana mimi ndiye niliyezishona ukanda ulipokatika.

"Assalaam aleikum," akasema. Hakutaja jina.

Mulwa akamwitikia, akamkaribisha. Mimi nikatoka taratibu, nikapangusa mikono.

"Inalia nyuma, kushoto," Athman akasema, akimtazama Mulwa. "Nimeipeleka kwa mafundi wawili. Wametia grisi, bado yalia."

"Wametia ya nje," nikasema. "Ya ndani je?"

"Wasema wametia."

"Waliilaza ubavu?"

Akainama kuitazama tairi. Miezi mitatu nimekaa eda, Baba, na miezi mitatu nipo ile haikuonja grisi, tena katika mvua na matope yote yale ya masika.

Nikaingia chini. Matope yameganda juu ya nipo kama saruji. Nikayakwangua kwa kijiti cha waya, nikakaza mdomo wa bomba, nikasukuma. Grisi ikanirudi vidoleni. Nikasukuma tena, ikarudi tena. Nikamwambia Mulwa alitikise gurudumu, nami nikauweka mkono palepale kwenye pini. Ikawa inacheza kama jino linalotaka kung'oka.

Nikatoka, nikamwambia, "Athman, pini imeliwa. Iache hapa. Mulwa atatafuta nyingine mjini kesho, ifunguliwe yote."

"Kesho nina magunia Kongowea. Keshokutwa pia. Watu wanitegemea."

"Mwambie mwenzio akubebee. Hii usibebee kitu."

Akanitazama, mara ya kwanza tangu aingie. Hakuwa na hasira. Alikuwa na kicheko cha chinichini. "Esha, wataka niiache hapa ili nirudi kuifuata. Sivyo?"

Baba, hapa ndipo penye kidonda changu. Wallahi pini ilikuwa imeliwa, sikumdanganya. Lakini na lile alilolisema lilikuwa kweli. Moyo wangu ulitaka arudi kesho, na keshokutwa, na kila siku. Kwa sababu lilikuwa kweli nikaona haya, na haya ile ikanifunga mdomo. Nikaona nikisisitiza ataniona mwanamke aliyeachwa anayemng'ang'ania mume wa zamani kwa hila ya chuma. Mulwa alikuwa amesimama pale, madereva wawili wamekaa kwenye benchi. Nikarudi chini nikajaribu tena.

Mara ya tatu grisi ikaingia. Si yote. Sikuiona ikichomoza upande wa pili. Lakini iliingia, na Athman alipoizungusha tuktuk pale uwanjani, haikulia.

Akashuka anatabasamu. Tabasamu lile sikuwa nimeliona kwa mwaka mzima. "Imekubali?"

Na mimi, Baba, badala ya kusema hapana, nikasema, "Imekubali kidogo. Lakini pini…"

"Hakuna mkono kama wako," akasema. Kisha akasimama pale anachezea ufunguo, kama mtu anayetaka kusema jambo hajui aanzie wapi. "Ijumaa baada ya swala nitapita nyumbani kwako. Pana maneno nataka tuseme."

Nikamwambia karibu. Lile la pini sikulirudia. Mulwa alimfuata hadi njiani, nikamsikia anamwambia, "Usibebe mzigo na hii kitu, bwana. Imeisha." Athman akamwitikia sawa, sawa, akaenda zake.

Sasa nitakwambia la upumbavu wangu, na usinicheke. Siku ya pili, Jumatano, niliomba ruhusa ya kutoka mapema kazini. Nikafua mapazia. Jioni nikamwita mama mwenye nyumba wangu, Mgiriama mmoja mwenye huruma ananipenda kama bintiye, akanipaka hina mikono yote miwili. Nilitaka vidole vyangu visioneshe weusi wa grisi siku hiyo ya Ijumaa. Alinichora maua hadi kifundo cha mkono akaniuliza, "Ni arusi?" Nikamwambia sijui.

Alhamisi asubuhi Athman alipakia vitunguu pale sokoni Kongowea, magunia manne, na mwenye mzigo amekaa mbele pamoja naye. Kwenye mteremko gurudumu la nyuma kushoto likalala. Pini ilikatika. Tuktuk ikabiruka na magunia yote, ikamwangukia yeye. Mwenye mzigo alivunjika mkono tu. Athman alifikishwa hospitali akiwa bado anapumua, na kabla ya adhuhuri akawa ametangulia mbele ya haki.

Habari aliniletea Mulwa mwenyewe. Alikuwa amepita kwanza pale pa ajali kuiangalia tuktuk. Nilimwona anaingia uwanjani hana kofia, na Mulwa kofia haivui hata jua likiwa kali vipi. Nikamuuliza, "Ni ile ya ndani?" Akainamisha kichwa. Nikajua.

Walimzika siku ileile baada ya alasiri. Nikavaa buibui nikaenda kwa Bi Mwanaidi, nikaingia walipo wanawake. Sikuifikiria hina. Wallahi sikuifikiria. Niliinama kumpa mkono mama mfiwa, na yeye akautazama mkono. Akaugeuza. Hina mbichi ya jana, nyekundu kama ya mwari.

"Esha."

"Abee, Mama."

"Hina hii ya nini?"

Chumba kizima kikatugeukia. Hata aliyekuwa akisoma alishusha sauti.

Bi Mwanaidi akanivuta nikae karibu naye, akanong'ona, lakini kila mtu alisikia. "Mwanangu alikurejea? Niambie, mwanangu. Kama alikurejea kabla ya eda kwisha, hata kwa neno tu, hata mkiwa wawili, sema sasa, watu wakukalishe. Mwanangu amekwenda hana mtoto. Asikose na mjane wa kumkalia eda."

Baba, mama huyu ndiye aliyekuwa akinitazama tumboni. Na siku ile alikuwa ameushika mkono wangu kama mtu anayezama. Neno moja tu alikuwa akilitaka. Nani angelijua? Athman amekufa, mimi ndiye shahidi wa pekee. Ningesema ndiyo, wangenifunika nguo, wangeniweka chumbani mwake, ningemkalia miezi minne na siku kumi, nikalia hadi nichoke na pasiwe na wa kuniuliza unalia kama nani. Nilitamani. Sikufichi. Nililitamani lile neno mpaka ulimi ukawa mzito.

Lakini wewe na Mama hamkunilea hivyo, na yeye Athman sikutaka nimsemee maneno ambayo hakuyasema.

"Hakunirejea, Mama," nikasema. "Eda iliisha Ijumaa iliyopita. Alikuwa aje kesho tuzungumze."

"Mzungumze nini?"

"Sijui."

Na ndivyo ilivyo. Sijui, wala sitajua. Pengine alikuwa anataka kunirudia kwa ndoa mpya. Pengine alikuwa anataka kuniambia anaoa kwingine. Mimi nilijipaka hina kwa la kwanza.

Bi Mwanaidi akauachia mkono wangu. Hakuniachia kwa ukali, aliuweka chini polepole kama unavyoweka chombo cha watu. Mwanamke mmoja akaniambia nikae pale karibu na mlango, na majirani. Nikakaa. Asiyekuwa mke, Baba, matanga yake ni siku tatu, na siku zangu tatu nilizikaa pale mlangoni nimeficha mikono ndani ya buibui.

Siku ya tatu watu walipopungua nikamwendea nikamweleza habari ya pini. Nilimwambia yote, mpaka hilo la tabasamu, na kuwa nilinyamazisha kelele ambayo pengine ingemzuia. Nilidhani atanipiga. Aliniuliza tu, "Ulimwambia asibebe kitu?"

"Nilimwambia. Lakini sikumkazania."

Akakunja pindo la leso yake. Kisha akasema, "Athman alikuwa hakazaniwi na mtu. Hata mimi nilikuwa simuwezi." Akafuta macho. "Nimekusamehe, Esha, na Mungu akusamehe. Lakini usije tena hapa. Si kwa ubaya. Nikikuona wewe nasikia tuktuk ikiingia."

Basi nikaondoka.

Mulwa anasema chuma kile kilikuwa kimekatika nusu siku nyingi kabla ya mimi kukigusa, na magunia manne yangekivunja kwa grisi au bila ya grisi. Huenda. Ni mtu mkweli. Lakini nami nilikuwa pale na mkono wangu ulikuwa juu ya pini, na niliihisi ikicheza.

Nilirudi kazini wiki jana. Dereva mmoja akaja, tuktuk yake inalia kidogo tu, anataka nitie grisi upesi aende kubeba watu. Nikaingiza mkono, nikaona pini imeanza kuliwa. Nikatoka, nikauchomoa ufunguo wake, nikaufunga kwenye pindo la leso. Alinitukana, Baba, matusi ambayo siwezi kukuandikia. Akasema mwanamke aliyeachwa amepata pa kutolea hasira. Nikakaa juu ya gunia langu. Mulwa akasimama mbele yangu hadi mtu yule akakubali kuondoka kwa miguu. Pini ilipofunguliwa siku ya pili ilikuwa imebaki kama kijiti cha kiberiti. Dereva akaja akaniomba radhi, akaniletea hata maembe. Watu wa gereji wakanisifu. Mimi nikawagawia maembe yote, sikuonja hata moja. Yule si wangu, na nilimnyima ufunguo. Aliyekuwa wangu nilimwambia karibu, nikamwacha aende na ufunguo wake.

Tangu siku hiyo mkono hauingii tena. Naulaza chini ya injini, nikifika kwenye kiwiko nauchomoa. Mulwa amesema niende nikapumzike, nafasi yangu ataitunza.

Kwa hiyo, Baba, nakuomba jambo. Nataka kuja nyumbani. Sitaki kukaa eda, najua sina eda ya kukaa, na sitavaa nguo ambazo sheria haikunivisha. Nakuomba kile chumba cha uani tu, kama bado hujakijaza vitambaa. Huku mume si wangu, msiba si wangu, nyumba ya marehemu si yangu, na nikilia njiani watu huniuliza kuna nini nikakosa jibu. Nataka mahali ambapo mtu akinikuta nimekaa kimya, asiniulize ni nani wangu aliyekufa.

Usiniandikie kuwa ni qadari. Najua ni qadari. Niandikie tu kuwa nije.

Nisalimie Mama, na umwambie aniwie radhi kwa uongo wa mafua. Msalimie kaka Bwanaheri na mkewe Zena, na wana wao unibusie. Shangazi Mwanahawa mwambie nimezipokea dua zake, aendelee. Na jirani yetu mwalimu wa chuo cha Kurani, kama hatachoka, amwombee Athman katika hitima ya Alhamisi, amtaje kwa jina lake na la mamake, asiseme ni nani kwetu.

Barua hii anaileta shemeji Lali, anayerudi Siyu kesho. Jibu lako mpe yeye huyohuyo.

Ni mimi bintiyo, ninayekuhitaji kuliko siku uliyonikabidhi kwa mume,

Esha